Swali la Joto

Mwanarusi binti Chirau wa Munje alikuwa na ulimi mfupi na kumbukumbu ndefu. Hakuwa mgomvi. Ukimkosea alikunyamazia, akaendelea na shughuli zake kana kwamba hukusema kitu, lakini neno lako alikuwa ameshaliweka mahali, na alipoliweka halikuoza. Wenzake walimtania kwamba mpaka leo angeweza kukutajia nani alikuja harusini kwake mikono mitupu na nani alikula mara mbili. Kwa hiyo mambo ya Kwale, yale yaliyompata mumewe Boga mwaka wa hamsini na tatu, hakuhitaji kukumbushwa na mtu.

Boga alikuwa mkwezi wa minazi, na alikuwa na shamba dogo la mihogo upande wa nyuma wa kijiji. Mtu mpole, mkweli hadi akawa kero. Mnunuzi akija kuchukua nazi, naye Boga akajua ndani ya rundo mna koroma, nazi zisizokomaa, atazitafuta mwenyewe, azitoe, amwonyeshe mnunuzi kabla hajaulizwa. Mwanarusi alimpendea hilohilo alipokuwa kigori. Baadaye alikuja kulichukia.

Walijaliwa mtoto mmoja, Kibibi, na homa ikamchukua kabla hajang'oa meno ya utoto. Walimzika kwenye ukingo wa shamba, kando ya mikorosho, na Boga akaenda pwani mara nyingi kuchukua mawe meupe ya matumbawe, akayabeba begani moja moja, akayapanga kuzunguka kaburi. Kila Ijumaa baada ya sala alipita kupalilia magugu pale. Alipalilia tu, akarudi nyumbani.

Sasa, upande wa bara palikuwa na shamba kubwa la miwa la Mzungu mmoja, na shamba lile lilikuwa halikai mahali pamoja. Kila mwaka lilijongea. Leo limekula pori, kesho limekula malisho ya mbuzi, na watu wakienda kuuliza huonyeshwa ramani wasiyoweza kuisoma. Mwaka ule likafika mikoroshoni.

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe. Boga alitoka na jembe lake begani kwenda mihogoni, akakuta vibarua wa shamba la miwa wanayang'oa mawe ya kaburi na kuyatupia kwenye mkokoteni. Yalikuwa yanakwenda kujaza mashimo ya njia ya trekta. Nyapara wao, Thoya, alikuwa amesimama pembeni akitafuna kipande cha muwa.

"Hilo ni kaburi," Boga akamwambia.

"Nimeona," akajibu Thoya. "Njia inapita hapa. Si mimi niliyeipima."

"Ni la mwanangu."

Thoya akatema kapi la muwa. "Mtoto mmoja tu, ndugu yangu. Si una mke? Nenda nyumbani ukatafute mwingine."

Baadhi ya vibarua wakacheka, kicheko kile cha mtu anayetaka kumpendeza nyapara wake. Boga hakukumbuka kuliinua jembe. Alichokumbuka ni mlio. Jembe lilimshukia Thoya begani, mfupa ukavunjika, na mkono ule haukunyanyuka tena sawasawa mpaka kufa kwake. Boga akalitupa jembe chini, akaenda kwenye mkokoteni, akaanza kuyashusha mawe na kuyarudisha mahali pake, moja baada ya jingine, huku Thoya akilia nyuma yake. Askari walipofika walimkuta amepiga magoti, bado anapanga.

Kesi ilisikilizwa Kwale. Mwanarusi alipanda mlima kwa basi, na buibui lake la kuazima, akaketi benchi la nyuma kabisa. Wakati huo bara kulikuwa kumechafuka, Serikali imetangaza hali ya hatari, na ingawa huku pwani kulikuwa kimya, Mwafrika aliyempiga mtu wa shamba la Mzungu hakutazamwa kwa jicho la huruma. Hakimu alikuwa Mzungu kijana, mgeni, ngozi yake ya usoni imebabuka kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Kati yake na Boga alisimama mkalimani, karani aliyevaa tai, shati limepigwa pasi hata limekakamaa, anayeshika mikono yake nyuma kama mwanafunzi anayekariri.

Boga hakubisha. Alisema ni kweli, nilimpiga, nilikuwa na jembe. Alipoulizwa kwa nini, alieleza habari za mawe, na mkalimani akazipeleka upande wa pili kwa maneno machache kuliko yalivyotoka.

Hapo hakimu akaweka kalamu chini. Mwanarusi alilikumbuka jambo hilo daima, kwamba aliweka kalamu chini, akainama mbele kidogo, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayemfungulia mwenziwe mlango. Akauliza swali fupi. Mwanarusi hakulielewa, ila mwisho wake ulimkaa sikioni kwa mlio wake wa ajabu: hiti ov dhe momenti.

Mkalimani akakohoa. "Hakimu anauliza hivi: ulimpiga mtu huyu katika joto la wakati ule?"

Boga akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hasa akiwa ameapa kwa Msahafu.

"La, bwana," akasema. "Hapakuwa na joto. Ilikuwa asubuhi, tena ni kipupwe. Kulikuwa kumepoa."

Mkalimani akageuka, akasema yake. Hakimu akakunja uso, akauliza tena, polepole.

"Hakimu anasema fikiri vizuri. Hapakuwa na joto hata kidogo?"

"Hata kidogo, bwana. Wallahi kulikuwa na baridi. Umande ulikuwa haujakauka."

Hakimu akaegemea nyuma, akaishika kalamu yake, na ule mlango aliokuwa ameufungua ukajifunga. Aliposoma hukumu, mkalimani alieleza kwamba mshitakiwa mwenyewe amekiri mbele ya watu kuwa hapakuwa na joto, alikuwa amepoa kabisa alipompiga yule nyapara, na mtu wa namna hiyo ni wa hatari. Miaka mitano, na kazi ngumu.

Munje yote ililizungumza jambo hilo. Watu wakaafikiana kwamba Wazungu wana sheria ya jua. Si unawaona wenyewe wanavyoliogopa, hata hawatoki nje bila zile kofia ngumu? Bila shaka kwao mtu aliyepigwa na jua la kichwa hufanya wazimu, na akifanya wazimu husamehewa. Boga aliulizwa kama jua lilikuwa kali. Angesema ndiyo, angerudi nyumbani.

Mwanarusi hakungoja kuambiwa hayo na kijiji. Aliyawaza palepale nje ya mahakama, Boga alipokuwa akipandishwa lori na pingu mikononi. Alimsogelea, naye Boga akadhani anakuja kumuaga.

"Ungesema tu jua lilikuwa linawaka," akamwambia. "Neno moja! Nani angekuhesabia dhambi? Haya, nenda na ukweli wako huo, tuone kama utakulisha huko."

Lori likaondoka. Hayo ndiyo aliyompa mumewe ya njiani.

Mihogo ya mwaka ule ilipita chini ya matrekta pamoja na mikorosho. Mwanarusi aliishi kwa kuuza makuti, kisha makuti yakawa hayatoshi, akaenda Diani kwa shangazi yake, akapata kazi ya kufua nguo katika nyumba ya Mzungu iliyokuwa juu ya ufuo. Bwana wa nyumba ile alikuwa mtu mrefu mwenye kipara, mstaafu wa jeshi, na mkewe alikuwa mtu wa maua. Mpishi wao aliitwa Athmani, mtu wa Vanga, aliyepika melini miaka mingi kabla goti halijamrudisha nchi kavu. Mtunza bustani alikuwa Matano, mtu mzima, mwenye watoto Kikoneni. Walikaa pamoja kwa amani, wakila wali wao nyuma ya jiko na kusengenya kidogo, kama ilivyo kawaida ya watumishi.

Siku moja, mwaka wa tatu wa kifungo cha Boga, Matano alisahau kufunga lango. Mbwa wa bwana akatoka mbio barabarani, akagongwa na gari la kupita. Hakufa. Alirudi akichechemea kwa mguu mmoja. Lakini bwana alipomwona mbwa wake anachechemea, alichomoa bakora kwenye ndoo ya miavuli, akamwendea Matano aliyekuwa ameinama kwenye matuta ya maua, na akampiga nayo usoni. Taya likavunjika. Matano alianguka juu ya maua ya memsabu, na bwana akampiga tena, na tena, mpaka Athmani na memsabu wakamshika mikono.

Matano alipelekwa hospitali ya Msambweni. Kesho yake inspekta wa polisi akaja, Mzungu naye. Mwanarusi alikuwa anaanika mashuka kando ya baraza, akawaona wameketi, chai imeletwa, mbwa amelala chini na bandeji mguuni. Bwana alikuwa anazungumza huku ametazama chini kwa aibu. Inspekta alikuwa anatikisa kichwa kama anayemliwaza mfiwa. Ndipo Mwanarusi alipoyasikia, wazi kabisa, yakitoka kinywani mwa bwana na kurudiwa na inspekta kana kwamba ni dua ya kuitikiwa: hiti ov dhe momenti.

Akabaki na shuka mikononi, maji yanamtiririkia miguuni.

Inspekta akamaliza chai yake, akampapasa mbwa kichwani, akaondoka. Kesi haikuwapo. Matano aliporudi, taya limefungwa kwa waya, alipewa shati kuukuu la bwana, akaambiwa apumzike.

Jioni ya siku ile inspekta alipokuja, Mwanarusi akamfuata Athmani jikoni.

"Kaka Athmani, wewe umekaa na Wazungu. Hiti ni nini?"

"Hiti ni joto, dada."

"Hilo nalijua. Lakini leo bwana alikuwa anasema joto gani? Jana kulikuwa na mvua."

Athmani akacheka, akaketi juu ya kigoda, akanyoosha goti lake. Alipenda kuulizwa mambo ya aina hiyo.

"Ah, wale wana majoto mengi, dada yangu. Nilipokuwa melini, nahodha alikuwa akisema kuna joto bandari fulani, basi jua polisi wa forodha wanatufuatia. Mkubwa akikubana kazini, hilo pia ni joto, na asiyeliweza huambiwa atoke jikoni, hata kama yeye si mpishi. Lakini hili la leo ni jingine. Hili ni la moyoni. Ni mtu kupandwa na ghadhabu ghafla, akatenda kabla akili yake haijamfikia. Sisi tungesema mori umempanda. Bwana anasema hakukusudia, ni mori tu. Na kwao huo ni udhuru, hata mbele ya sheria. Mtu akithibitisha kwamba alikuwa katika hali hiyo, kosa lake hupungua."

"Kwa hiyo hakimu akimuuliza mtu kama alikuwa katika joto..."

"Anamuuliza kama alipandwa na hasira. Anamtafutia njia ya kutokea."

"Na mtu akijibu kwamba kulikuwa na baridi?"

Athmani akamtazama. Alikuwa anakijua kisa cha Boga kwa juu juu tu. Cheko likamfutika usoni.

"Ya Rabi," akasema. "Hilo ndilo alilojibu?"

Mwanarusi aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda tena mlima wa Kwale. Hakimu yule mwenye uso uliobabuka alikuwa ameshahamishwa, lakini mkalimani alikuwapo, tai yake shingoni, anakula karanga nje ya mahakama. Mwanarusi akamwamkia kwa adabu zote, shikamoo bwana karani, akamweleza. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, na Mwanarusi akaona usoni mwake kwamba ameelewa. Alielewa mapema, kabla maelezo hayajaisha. Mkono wenye karanga ulisimama njiani.

Lakini alipofungua kinywa alisema, "Mama, mimi kiapo changu ni kutafsiri neno kwa neno. Hakimu alisema joto, nami nikasema joto. Aliyejibu ni mume wako."

"Wewe ulijua maana yake?"

"Nilisema lilivyosemwa."

"Sikukuuliza ulilosema. Nimekuuliza kama ulijua."

Mkalimani akakung'uta maganda ya karanga kwenye suruali yake. Akasema muda wa kukata rufaa ulikwisha siku nyingi, na faili haliwezi kufunguliwa kwa sababu ya maneno ya jikoni. Kisha akaingia ndani.

Kama Mwanarusi angeishia hapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini lile alilomwambia Boga garini lilikuwa limemkaa kifuani. Alimwita mjinga kwa kusema kweli, kumbe mjinga hakuwa yeye. Alitaka kumwomba radhi. Akavuka feri ya Likoni, akaenda mpaka jela ya Mombasa, akangoja na wake za wafungwa wengine mpaka akaitwa.

Alimkuta Boga amenenepa kidogo. Hakuamini. Boga alimweleza kwa utulivu kwamba anasalisha wenzake, kwamba askari jela wanamwamini hata humtuma sokoni na kikapu, na kwamba kwa tabia yake njema huenda akatolewa kabla ya muda.

"Imeandikwa, Mama Kibibi," akasema. "Nilimvunja mtu mkono. Niliulizwa nikasema kweli. Mungu akahukumu. Sina kinyongo na mtu."

"Nimekuja kutaka radhi, Baba Kibibi. Kwa maneno ya siku ile."

"Nilishakusamehe palepale."

"Ngoja. Sikiliza kwanza kwa nini."

Akamwambia yote, tangu mbwa hadi mkalimani. Boga alisikiliza bila kumkatiza, na ule utulivu uliokuwa usoni mwake ukawa unaondoka kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa ukayaona mawe.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "yule bwana aliniuliza kama nilikuwa na hasira."

"Ndiyo."

"Nami nikamwambia sikuwa nayo."

"Hukujua, Baba Kibibi."

"Hata kidogo, nilisema. Nikaapa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu amevunja kaburi la mwanangu, amenitukania mwanangu, nami nikasimama mbele ya watu, nimeshika Msahafu, nikasema moyo wangu ulikuwa umepoa. Thoya alikuwa pale. Alinisikia."

"Miaka yenyewe imebaki michache..."

"Sisemi miaka!" Akapiga wavu kwa kiganja, na askari akageuka. "Miaka naiweza. Kwa nini umekuja kuniambia?"

Kengele ikagongwa, wakatenganishwa.

Habari zilizofuata alizipata kwa wake wa wafungwa wengine. Boga alikwenda kwa mkubwa wa jela akaomba arudishwe Kwale aulizwe upya swali moja tu. Walimcheka. Akaomba tena, na tena, kila asubuhi kwenye foleni, mpaka ikawa mchezo, askari wakimpigia kelele, "Boga, leo kuna joto?" Siku moja akampindulia askari mmoja sufuria la uji wa moto. Alichapwa viboko, ule msamaha wa tabia njema ukafutwa, akaongezewa muda, akapelekwa jela ya bara kupasua mawe. Huko Mwanarusi hakuweza kumfuata.

Alirudi Munje mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa, na kikohozi cha vumbi la mawe. Mwanarusi alikuwa ameacha kazi ya Diani, amemngojea. Alikuwa amempikia samaki wa nazi. Boga akala, akashukuru, akalala. Hakumpiga, hakumtukana, hakulitaja la jela. Lakini alikuwa amerudi na jambo moja ambalo watu walilichukulia kama kichekesho. Yule Boga aliyekuwa akisema kweli hata kabla hajaulizwa, sasa hakujibu kitu. Mtu akimwuliza, "Umeamkaje, mzee?" alisimama, akamtazama machoni, akasema, "Unauliza nini hasa?" Muuza samaki akimwuliza wangapi, "Unauliza nini hasa?" Watoto wa kijiji wakampa jina hilo. Walimfuata nyuma wakiliita.

Miezi kadhaa baadaye Thoya akaja. Shamba la miwa lilimwondoa zamani. Nyapara wa mkono mmoja ana faida gani? Alikuwa akiuza maji ya madafu barabarani. Alibisha hodi, Mwanarusi akamkaribisha kwa sababu ndiyo desturi, na akaketi juu ya mkeka mbele ya Boga, mkono wake uliokufa umelala pajani.

"Boga," akasema, "lile neno la mtoto nililisema tu. Lilinitoka. Mimi nami nina watoto. Nimekuja tusameheane kabla hatujafa."

Boga akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza, "Siku ile Kwale, niliposema nilikuwa nimepoa, uliniamini?"

Thoya akainamisha kichwa. "Niliuona uso wako wakati unaliinua jembe," akasema. "Nilijua si kweli."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa na mkono uliovunjika, Boga. Nilitaka ufungwe."

Boga akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Thoya alingoja, akanywa maji aliyopewa, akaaga, akaenda zake.

Mwanarusi alimsindikiza mpaka njiani, kisha akarudi, akamkuta mumewe palepale.

"Umemsamehe?" akamwuliza.

Boga akainua macho yake mekundu ya kikohozi, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Unauliza nini hasa?"

Mwanarusi alitafuta namna nyingine ya kulisema, Kiswahili kilicho wazi kuliko hicho, asikione. Akachukua ndoo, akaenda kisimani.